Kiingilio cha Programu za Simu: Nani Atakilipa Osiri?

Vijana wa Kenya wanaojifunza kuandika programu za simu huwa na imani mbili kuhusu pesa. Ya kwanza ni kwamba programu ikipakuliwa na watu wengi, Google humtumia aliyeitengeneza malipo. Ya pili ni kwamba dawa ni kuweka bei, hata shilingi 50 tu, kisha kuzizidisha kwa simu zote zilizoko nchini. Zote mbili zina kosa. Google haimlipi mtu kwa sababu programu yake imepakuliwa. Hugawana naye mapato ya matangazo yanayoonyeshwa ndani yake, au humpitishia alichotoa mtumiaji baada ya kukata fungu lake. Na wingi wa simu si wingi wa wanunuzi.

Osiri, eneo la machimbo ya dhahabu huko Nyatike, kaunti ya Migori, ni mahali pazuri pa kupimia swali la nani atalipa kiingilio, yaani bei inayotozwa kabla ya kupakua, kwa sababu pesa za hapo zina tabia ambayo watunga bei wa California hawakuifikiria. Mchimbaji hapati mshahara mwisho wa mwezi. Mawe hutoka shimoni kwa magunia, husagwa kwa mashine, unga wake huoshwa, dhahabu hunaswa kwa zebaki na kuchomwa, ndipo mnunuzi anapoweka punje kwenye mizani na kutaja bei kwa gramu. Wiki moja inaweza kuwa ya neema na tatu zinazofuata zikawa kavu. Ufuoni Sori na Muhuru Bay, na kwa majirani wa Homa Bay hadi Mbita, omena huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukipevuka, kazi hupungua. Kisha kuanzia tarehe 1 Aprili hadi 31 Julai uvuvi wa omena husimamishwa ili samaki wazaane. Bei yoyote ya programu italipwa kutoka mifuko ya namna hii.

Bei ilivyozaliwa na ilivyoporomoka

Apple ilipofungua duka lake la programu tarehe 10 Julai 2008, likiwa na programu zipatazo 500, mkataba ulieleweka upesi: mtengenezaji anataja bei, mteja analipa kabla ya kupakua, asilimia 70 inaenda kwa mtengenezaji na 30 inabaki dukani. Google ilifungua Android Market Oktoba mwaka huohuo na kuruhusu programu za kulipia Februari 2009, ikianza na wauzaji wa nchi chache tu. Tangu Machi 2012 duka hilo linaitwa Google Play.

Siku za mwanzo zilikuwa na vituko vyake. Agosti 2008 mtu mmoja aliweka sokoni programu iitwayo I Am Rich kwa dola 999.99. Kazi yake yote ilikuwa kuonyesha kito chekundu kwenye skrini. Wanunuzi wanane walipatikana kabla Apple haijaiondoa.

Soko lenyewe lilielekea upande mwingine. Rovio ya Finland iliuza Angry Birds kwa senti 99 za dola kwenye iPhone kuanzia Desemba 2009, lakini ilipoupeleka mchezo huo kwenye Android Oktoba 2010 iliutoa bure na kuweka matangazo. Wakati huo wenye simu za Android katika nchi nyingi hawakuwa na njia yoyote ya kulipa dukani. Nintendo nayo ilijaribu bei moja ya dola 9.99 kwa Super Mario Run mnamo Desemba 2016. Miezi miwili baadaye ikatoa Fire Emblem Heroes bure, mchezaji akinunua vitu akiwa ndani, na mchezo huo usio na jina kubwa ukaleta pesa nyingi zaidi kuliko ule wa Mario.

Kisa kinachoihusu Nyatike zaidi ni cha WhatsApp. Programu hiyo ilikuwa ikitoza dola moja, mwanzoni kwa kuipakua kwenye iPhone na baadaye kwa mwaka. Januari 2016 ada ikafutwa, na sababu iliyotolewa ni kwamba watumiaji wengi hawakuwa na kadi ya benki na waliogopa kukatiwa mawasiliano na jamaa zao mwaka wa kwanza ukiisha. Ni kweli pia kwamba Facebook ilikuwa imeinunua WhatsApp mwaka 2014 kwa dola bilioni 19, na mwenye tajiri wa aina hiyo nyuma yake anaweza kusamehe dola moja. Leo zaidi ya programu 95 katika kila 100 zilizomo Google Play hupakuliwa bila malipo.

Hoja za wanaotetea kiingilio

Kutokana na historia hiyo ni rahisi kusema kwamba kutoza kabla ya kupakua kumekufa. Hakujafa. Minecraft ya simu bado huuzwa hivyo na inanunuliwa, na mwaka 2014 Monument Valley ya kampuni ya ustwo, London, iliuzwa kwa dola 3.99 ikafanikiwa. Wanaotetea njia hii wana hoja tatu ambazo hazifai kupuuzwa.

Kwanza ni uwazi. Mteja analipa mara moja na mambo yanaisha: hakuna tangazo linalorukia skrini wakati anahesabu gramu zake, hakuna anayekusanya orodha ya namba za jamaa zake ili kuiuza, na programu haina haja ya kumeza data kila inapofunguliwa. Pili, pesa huja mapema. Mtengenezaji mdogo asiye na mwekezaji anapata chochote tangu mteja wa kwanza, ilhali njia ya matangazo humtaka awe na maelfu ya watumiaji kabla hajaona shilingi. Tatu, makato ya duka yamepungua. Tangu Januari 2021 Apple huwatoza asilimia 15 watengenezaji wadogo waliojiandikisha katika mpango wao maalumu, na tangu Julai 2021 Google hutoza kiwango hicho kwa dola milioni moja ya kwanza ya kila mwaka.

Hesabu ya Kenya inaweza kupigwa hivi. Programu ikiuzwa kwa shilingi 100, na bei hiyo ikiwa imejumuisha VAT ya asilimia 16, kinachobaki kabla ya makato ya duka ni shilingi 86 na senti kidogo. Ondoa asilimia 15 ya Google, mtengenezaji hubaki na kama shilingi 73. Kujiandikisha Google Play hugharimu dola 25, malipo ya mara moja tu. Kwa kiwango cha shilingi 129 kwa dola hiyo ni takriban shilingi 3,225. Wanunuzi 45 wanatosha kurudisha ada hiyo. Kwa Apple ni dola 99 kila mwaka, na kwa wateja wa Nyatike, ambako simu nyingi ni za Android, gharama hiyo haina maana.

Wanunuzi 45 si wengi. Ugumu uko katika kumpata hata huyo wa kwanza.

Mahali njia hii inapokwama

Kwa miaka mingi lawama ilitupiwa kadi ya benki. Tangu 2018 lawama hiyo imepungua uzito, kwa kuwa Google Play ilianza kupokea M-Pesa nchini Kenya. Mteja huunganisha namba yake na akaunti ya Google na kulipa kwa pesa alizo nazo simuni. Hata hivyo, kuunganisha kwenyewe kunamtaka awe na akaunti anayoimiliki na ambayo anakumbuka nenosiri lake. Simu nyingi za mitumba na za bei nafuu hufunguliwa akaunti na fundi wa duka au mpwa wa familia siku ya kununuliwa, na mwenye simu hajui hata barua pepe yake inaitwaje.

Kikwazo kikubwa zaidi ni imani. Kiingilio huombwa wakati mteja hajui lolote kuhusu anachonunua. Ameona picha tatu na maelezo ya mistari kumi. Google humruhusu kurudishiwa pesa iwapo atabadili nia ndani ya saa mbili, lakini anayejua haki hiyo ni yule aliyezoea kununua. Nchini Kenya tahadhari ya mteja ina chanzo chake pia: kwa miaka watu wamelalamika kuhusu huduma za ujumbe za kulipia zinazowakata salio bila wao kukumbuka kujiunga. Aliyeumwa hivyo hatoi namba yake kirahisi.

Kikwazo kingine ni kunakili. Mwanzoni mwa 2015 ustwo walitoa takwimu zilizowashtua wengi: katika simu za Android zilizokuwa na Monument Valley, ni asilimia 5 tu zilizolipiwa, kwa Apple ilikuwa asilimia 40. Sehemu ya pengo hilo inaelezwa na watu wenye simu zaidi ya moja, lakini si yote. Mtu yeyote anayejua kutumia Xender anaweza kumrushia mwenzake faili ya programu wakiwa wameketi kwenye benchi moja, bila intaneti. Wanaopakia nyimbo na filamu madukani, katika miji midogo ya Kenya, hutoza shilingi chache kwa kazi hiyohiyo. Biashara hiyo ndogo, iwe halali au la, inaonyesha jambo ambalo wachambuzi wengi huliruka: watu wa kipato kidogo hulipia kupakua. Pesa hizo humwendea mtu wanayemfahamu, aliyewasaidia wakiwa naye, anayeweza kuulizwa kesho.

Halafu kuna gharama zinazofuata. Kila mwaka Google huinua kiwango cha toleo la Android ambalo programu lazima ilenge. Isiyorekebishwa hufichwa kwa wenye simu mpya. Aliyelipa shilingi 100 mwaka 2023 anatarajia programu yake ifanye kazi 2026, na mtengenezaji analazimika kuishughulikia bila malipo mapya. Soko likijaa, mapato husimama na kazi huendelea.

Anayelipia “bure”

Mbadala wa kwanza ni kutoa programu bila bei na kutafuta pesa kwingine. Njia hiyo ina sura nyingi, na baadhi ni safi kabisa. Programu ya Biblia ya YouVersion, iliyotoka mwaka 2008, inagharimiwa na kanisa na michango ya wafadhili. Hivyo anayefikiria kuuza Biblia ya Dholuo kwa kupakuliwa anashindana na kitu ambacho kimekwisha kulipiwa. Mdundo, kampuni ya muziki iliyoanzia Nairobi na kuorodheshwa katika soko la hisa la Copenhagen mwaka 2020, iliwaacha wasikilizaji wapakue nyimbo bure na kuwauzia wenye bidhaa nafasi za matangazo.

Mtengenezaji mdogo anayetegemea matangazo hukutana na ukuta wa idadi. AdMob, huduma ya Google ya matangazo, haitumi malipo hadi mapato yafike dola 100, na tangazo linaloonekana Migori huleta senti chache kuliko linaloonekana Marekani. Programu ya wachimbaji wa kata moja haiwezi kufika huko, hata wote wakiwa nayo. Zaidi ya hayo, kila tangazo hupakuliwa kwa bando la mtumiaji. Kwa hiyo “bure” ina bei, na inayolipwa ni kampuni ya simu.

Sura ngumu zaidi ya bure ilionekana katika programu za mikopo. Zilipakuliwa bila shilingi moja, faida ikatoka kwenye riba, na baadhi zikawa zikisoma orodha ya namba za mkopaji na kuwapigia jamaa zake alipochelewa kulipa. Benki Kuu ya Kenya ilitoa kanuni za wakopeshaji wa kidijitali Machi 2022, na Google ikaanza mwaka 2023 kudai leseni kabla ya kuruhusu programu hizo dukani. Wanaopenda kiingilio hukitaja kisa hiki kama ushahidi wao, na kwa upande wa faragha wana haki.

Hata makampuni makubwa hayana uhakika na bure. Netflix ilianzisha Kenya mpango wa kutazama bila malipo kwenye simu Septemba 2021, ikitumaini watazamaji wangehamia kulipa. Novemba 2023 ikaufunga.

Lipa mdogo mdogo

Njia ya tatu ina mizizi mirefu zaidi Kenya kuliko hizo mbili. Julai 2020 Safaricom, ikishirikiana na Google, ilianza kukopesha simu za 4G kwa malipo ya mwanzo ya shilingi 1,000 na kisha shilingi 20 kwa siku, chini ya jina Lipa Mdogo Mdogo. M-Kopa ilikuwa imefanya hivyo kwa taa za sola tangu 2012. Eneza Education, iliyofundisha wanafunzi kwa ujumbe mfupi kupitia *291#, ilitoza shilingi 10 kwa wiki, na iCow ya Su Kahumbu iliwafikishia wafugaji ushauri uliolipiwa kwa ujumbe, si kwa kupakua. Huduma hizo mbili za mwisho hazikuhitaji hata simu ya kisasa, kabambe ya vitufe ilitosha.

Nguvu ya njia hii ni kwamba bei hufuata mwendo wa pesa. Mvuvi wa omena anaweza kulipa wiki za giza na kunyamaza mwezi ukiwa mpevu. Wala mtumiaji hahitaji kuamini sana, kwa sababu hasara yake ya juu kabisa ni shilingi 10. Kutuma shilingi 100 au pungufu kwa M-Pesa hakutozwi ada, jambo linalofanya malipo ya namna hiyo yasiliwe na gharama za njiani.

Udhaifu wake si mdogo. Kinachoweza kusimamishwa kila wiki husimamishwa kila wiki. Aprili ikifika na nyavu za omena zikianikwa, mapato ya mtengenezaji nayo huanikwa miezi minne, huku gharama za seva hazijui msimu. Na malipo yanayojirudia yenyewe ndiyo yaliyozaa malalamiko ya kukatwa salio. Mtengenezaji mwadilifu atalazimika kumwacha mteja aidhinishe kila mara kwa namba yake ya siri, na kila anapoombwa namba hiyo baadhi watakataa.

Kikokotoo cha dhahabu na bei ya samaki

Tofauti hizi huonekana wazi zikiwekwa kwenye programu mbili za kufikirika, zote za Osiri na majirani zake.

Tuseme ya kwanza ni kikokotoo cha dhahabu. Mchimbaji anaingiza uzito, usafi kwa karati na bei ya dunia aliyoisikia asubuhi. Programu inagawa kwa gramu 31.1 za wakia moja, inabadili dola kuwa shilingi na kumwambia punje yake ina thamani gani. Mwaka 2025 bei ya dunia ilivuka dola 3,000 kwa wakia, yaani zaidi ya shilingi 12,000 kwa gramu moja safi. Mnunuzi akipunguza asilimia 5 tu kwenye hesabu, shilingi 600 zimepotea katika gramu moja. Programu ya shilingi 100 inajilipa kwenye mauzo ya kwanza. Haihitaji mtandao shimoni, haina seva, haina mtu wa kulipwa kila siku, na thamani yake inaweza kuonyeshwa kwa dakika moja kando ya mizani. Hapa kiingilio kina mantiki, mradi mtu apate kuijaribu kwanza.

Ya pili ni taarifa za bei ya samaki fuoni. Hii imewahi kujaribiwa. Mwaka 2009 taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi ya Kenya, KMFRI, ilianzisha EFMIS-Ke, huduma iliyokusanya bei kutoka fuo za Ziwa Victoria na kuwajibu wavuvi na wachuuzi kwa ujumbe mfupi. Kiini chake hakikuwa programu bali watu waliokaa ufuoni wakiandika bei za siku na kuzituma. Kazi hiyo haina mwisho, na bei ya mara moja haiwezi kuilipia. Shilingi 100 za mteja wa Januari zingekuwa zimeliwa kabla ya Machi. Huduma kama hii inahitaji malipo ya kila wiki, au taasisi ya kubeba gharama: kaunti, vyama vya ushirika, vikundi vya usimamizi wa fuo. Mlipaji mmoja wa aina hiyo ana thamani ya wapakuaji mia kadhaa, ingawa hulipa polepole na hubadilika na bajeti.

Uamuzi unaelekea wapi

Ukiweka yote kwenye mizani, kutoza kwa kupakua kunafaa aina finyu ya programu: inayofanya kazi bila mtandao, isiyo na gharama ya kila siku, ambayo faida yake hupimika kwa shilingi na mteja ameiona kabla ya kulipa. Nje ya hapo, bei ya mlangoni hufukuza watu wengi kuliko inavyoingiza pesa. Hata kwa kikokotoo cha dhahabu, sura bora ni kuipakua bure, kuitumia mara kadhaa, kisha kulipa mara moja ili ifunguke yote. Mtengenezaji hubaki na kanuni ileile ya kulipwa mara moja, ila anaomba pesa baada ya mteja kuona kazi yake.

Mpangilio huo una sharti la kiufundi ambalo wengi hugundua wakiwa wamechelewa. Kwenye Google Play, programu iliyokwisha kutolewa bure haiwezi kugeuzwa ya kulipia. Iliyoanza na bei inaweza kushushwa hadi bure. Vilevile, tangu Novemba 2023 anayefungua akaunti mpya ya binafsi hulazimika kwanza kuijaribu programu yake na watu kadhaa kwa siku 14 mfululizo. Walianza kuhitajika 20, sasa 12. Kwa Osiri sharti hilo linaweza kugeuzwa kuwa faida: wachimbaji 12 wanaoitumia kwa wiki mbili kando ya mizani ndio watakaowaambia wengine kama inafaa shilingi 100.

Linalobaki ni nani anapokea malipo. Kanuni za Google Play hutaka maudhui ya kidijitali yanayouzwa ndani ya programu yalipiwe kupitia mfumo wake, wenye makato yake. Ombi la M-Pesa linalomjia mteja moja kwa moja kwenye skrini linaruhusiwa kwa samaki, usafiri au bidhaa nyingine ya kushikika, si kwa kufungua kikokotoo. Huko Marekani jopo la mahakama liliamua Desemba 2023, katika kesi ya Epic Games, kwamba Google ilikiuka sheria za ushindani, na Ulaya sheria ya masoko ya kidijitali imeyabana maduka haya tangu Machi 2024. Nafuu hizo zina mipaka ya nchi. Mtengenezaji wa Nyatike anayetaka shilingi 10 za wiki zimfikie bila kupitia California bado analazimika kuuza nje ya duka, kwa tovuti au kwa namba ya nyota na reli.